Tulitaka Mbudya, Tukapelekwa Sinda

Chombo cha tanga cha Dar es Salaam huanzia Kariakoo. Kamba, misumari, pamba, rangi, turubai: vyote hutoka madukani, upande wa Gerezani na mitaa ya jirani, na anayetumwa kuvinunua huwa si mtu wa kutumwa ovyo. Siku niliyofuatana na sarahangi (msimamizi wa mabaharia) wa mashua tuliyokuwa tumeikodi, nilidhani kazi ingekwisha upesi tukanywe chai. Asubuhi nzima iliishia kwenye kamba peke yake. Muuzaji alimshushia roli tatu. Sarahangi akaushika mwisho wa ya kwanza, akazifumua nyuzi zake, akazilowesha kwa mate, akazisokota upya, kisha akaivuta kati ya goti na kiwiko huku amefumba macho. Akaiweka kando. Ya pili hivyo hivyo. Kamba ya nailoni haiozi, alikubali, lakini huteleza fundoni na huunguza kiganja inapokimbia. Ya katani hushika fundo hata ikilowa, ila inataka kuanikwa na kubadilishwa mapema. Akanunua zote mbili: ya nailoni kwa ajili ya nanga, ya katani kwa ajili ya demani, ile kamba inayoshika pembe ya tanga na ambayo mtu huwa nayo mkononi mchana kutwa. Bei hakubishana nayo sana. Alibishana na kamba.

Wengi wetu tunaokaa mjini tunayasifu majahazi tukiwa Ocean Road jioni, tunapoyaona yamejaza tanga yakirudi. Sifa hiyo si mbaya, ila imechelewa. Tanga likishapanda, sehemu kubwa ya ustadi imekwisha kutumika, na sehemu kubwa ya ustadi huo ni kungoja: kungoja maji, kungoja upepo, kungoja mbao ikauke, na kukataa kuondoka wakati abiria wote wameshapanda na wana hamu ya kwenda.

Mashua yenyewe tuliikuta imelala ubavu kwenye mchanga upande wa Kigamboni, ndani ya mlango wa bandari. Ng'ambo ya maji kulikuwa na winchi ndefu za makontena, na meli za chuma zinazoongozwa na rubani na boti za kuvuta mpaka gatini. Upande huu hapakuwa na chelezo wala winchi. Kilichoipandisha mashua nchi kavu ni mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, pwani yetu hupata bamvua, na maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Chombo huletwa ufukweni maji yakiwa yamefika ukomo wa kujaa, kikafungwa, watu wakakaa chini ya mkungu kusubiri. Maji yakipwa, chombo kinabaki kimeegemea magogo yake, mkuku, uti wake wa chini, uko wazi, na fundi anaanza. Siku za kwanza hufanya kazi kati ya maji na maji. Baadaye maji huwa mafu, hayafiki tena pale juu, na fundi anapata siku nyingi kavu mfululizo. Lakini hata akimaliza mapema hawezi kukishusha. Atangoja bamvua ijayo. Mwenye mali atapiga simu, atalalamika, atataja hasara. Mwezi hauna simu.

Nilikaa na fundi huyo zaidi ya nilivyokusudia. Ni mtu wa maneno machache, na kazi aliyokuwa nayo siku zile ilikuwa ya kukalafati, yaani kujaza pamba kwenye mishono ya mbao. Kwanza aliitoa pamba kuukuu kwa ndoano, polepole, akiinusa mara kwa mara. Palipooza hunuka, na penye kunuka ndipo pa kutazama mbao vizuri. Kisha akaisokota pamba mpya juu ya paja, akaichovya kwenye mafuta, akaishindilia kwa chembeu na nyundo. Mikono ilikuwa inafanya kazi, lakini aliyekuwa akiamua ni sikio. Nyundo ilipogonga penye nafasi mlio ulikuwa mzito na umezama. Pamba ilipokaza mlio ulikuwa mkavu, na hapo hapo aliacha. Nilimwuliza kwa nini asiongeze kidogo kwa usalama. "Ukiongeza unaharibu," akasema. Mbao zikiingia majini huvimba. Pamba ikizidi, mbao hazina pa kwenda, zitasukumana mpaka misumari ilegee, na chombo kilichotengenezwa kwa hofu kitavuja kuliko kilichotengenezwa kwa uvivu. Maneno hayo ya mwisho ni yangu. Yeye aliishia kwenye misumari.

Misumari nayo ina adabu zake. Tundu hutobolewa kwanza kwa kekee, ile ya uta unaovutwa mbele na nyuma, na chini ya kichwa cha msumari huzungushwa uzi wa pamba uliolowa mafuta ili maji yasipite. Fundi ana drili ya umeme nyumbani kwake. Ufukweni hakuna umeme, na nadhani hata ungekuwapo angeendelea na kekee, kwa sababu kekee humwambia mbao iko katika hali gani kila anapovuta, na drili hupita tu. Alipomaliza mishono, tumbo la chombo lilibabuliwa kwa makuti makavu yaliyowashwa, kuua wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, kisha likapakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, kwa kiganja kitupu. Wengi siku hizi hupaka rangi ya dukani na kwenda zao. Sina hakika kama deheni ni bora kuliko rangi. Nina hakika kwamba mtu aliyepaka tumbo zima la mashua kwa kiganja chake anajua kila kibonde kilichomo.

Hakuna mchoro. Ukimwuliza mchoro uko wapi, anakuonyesha mkuku. Mkuku ukishalazwa na miti ya omo, yaani mbele, na tezi, yaani nyuma, kusimamishwa, mbao za kwanza hufuata umbo ambalo fundi analo kichwani, na taruma, zile mbavu za ndani, huja baadaye kutosheleza nafasi iliyopatikana. Taruma haikatwi ikapindwa. Fundi huenda kutafuta tawi la mwembe au la mkoko lililokwisha kupinda lenyewe kwa kadiri anayoitaka, kwa maana mti uliokua umepinda una nyuzi zinazofuata pindo, na uliokatwa ili upinde una nyuzi zilizokatika. Kwa hiyo mafundi wa Nungwi, wa Pangani, wa Bagamoyo na wa Lamu hutembea wakitazama miti kwa jicho ambalo sisi hatuna. Wanaona mbavu juu ya mwembe wa jirani.

Basi tukarudi siku ya safari, tukiwa kundi la marafiki: mwalimu mmoja, wauza nguo wawili wa Kariakoo, dada anayefanya kazi benki ambaye alikuwa hajawahi kupanda chombo kidogo kuliko boti la Zanzibar, na mimi. Tulikwisha kubaliana wenyewe kwa wenyewe: tunakwenda kisiwani Mbudya, tule samaki, turudi jioni.

"Shikamoo, Nahodha."

"Marahaba, wanangu. Mnataka wapi?"

Tukamwambia. Akauliza tunataka kurudi lini. Tukamwambia jioni ile ile.

"Basi tunakwenda Sinda."

Mmoja wetu akaanza kueleza kwamba Mbudya kuna vibanda, kuna kivuli, kuna samaki wa kuchoma. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote, kisha akasema, "Mbudya mtafika mnacheka. Kurudi je?"

Ulikuwa wakati wa kusi. Pepo za pwani hii ni mbili kubwa: kaskazi, inayovuma tangu kama Desemba hadi Machi, na kusi, inayoshika tangu baada ya masika hadi mwezi wa tisa na wa kumi, katikati yake kuna maleleji, upepo usiojulikana unataka nini. Mbudya iko kaskazini, mkabala na Kunduchi, kama kilomita 20 kutoka mlango wa bandari. Kusi ingetusukuma mgongoni mpaka huko. Mkondo wa bahari nao huelekea kaskazini kwenye ufuko wetu, na wakati wa kusi hukaza mwendo. Vyote viwili vingetupeleka bure na vyote viwili vingekataa kuturudisha. Sinda iko mashariki, nje ya Kigamboni, karibu nusu ya masafa hayo. Kwenda kungekuwa na kazi kidogo mwishoni, lakini kurudi upepo ungekuwa nyuma yetu na maji yangekuwa yanaingia bandarini pamoja nasi. Nahodha alikuwa ameipiga hesabu hiyo kabla hatujafika ufukweni, labda kabla hatujaamka. Kwangu mimi huo ndio ulikuwa unahodha wenyewe. Mengine yote yaliyofuata siku ile yalikuwa utekelezaji.

Alikuwa ametuambia tuondoke saa kumi na moja alfajiri, tukanung'unika. Sababu ilikuwa rahisi. Siku za bamvua maji ya Dar es Salaam hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Bandari ya ndani ni pana, ina vijito vyake vinavyoingia mpaka Kurasini na Mzinga, lakini mlango wake ni mwembamba, na maji yote hayo hutoka na kuingia kwa uchochoro ule ule wa kati ya Magogoni na Kigamboni. Ukiutumia wakati maji yanatoka, unatolewa. Ukiutumia kinyume chake, na tanga lako ni moja na upepo ni mdogo, utakaa pale unatazamana na watu wa pantoni.

Tulipita mlangoni giza halijaisha. Feri, kwenye soko la samaki, wavuvi walikuwa wameshaanza kushusha, taa zimewaka, mnada unakaribia. Pantoni ilikuwa inavuka na mzigo wake wa watu waendao kazini, na nahodha aliilegeza mashua nyuma yake bila kusema neno, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Umande ulikuwa unavuma, ule upepo mwepesi wa nchi kavu unaotoka bara kabla ya jua, na ndipo tanga likapandishwa.

Hapa nataka kwenda taratibu. Tanga la mashua halipandi likiwa limefunguka. Hukunjwa juu ya foromali, ule mti mrefu linakoning'inia, na kufungwa kila hatua kwa chane nyembamba za ukindu. Foromali mara nyingi hukaribia urefu wa chombo chenyewe, na si mti mmoja: ni vipande viwili au vitatu vilivyounganishwa kwa kamba, kinene chini, chembamba juu. Henza, kamba nene inayoibeba, hupita juu ya mlingoti na kushuka kwenye gofia, lile kapi lake. Jarari hupita ndani ya gofia, na wanaovuta huvuta jarari. Mabaharia watatu na sisi wawili tulivuta kwa kuitikiana, foromali ikapanda ikiwa imefumbata tanga lake, ikafika juu, ikafungwa. Bado hakuna kilichotokea. Mzee alingoja mpaka omo ikae alipotaka. Kisha akavuta demani mara moja, kwa nguvu, na chane zikakatika moja baada ya nyingine kuanzia chini kwenda juu, na tanga likafunguka lote kwa pumzi moja. Dada wa benki akapiga kelele ya furaha. Hata baharia kijana, ambaye bila shaka ameliona jambo hilo maisha yake yote, aligeuka kutazama.

Ule muundo wa foromali kuunganishwa vipande una maana yake. Upepo ukija kwa ghafla, ncha nyembamba hupinda na kuumwaga upepo uliozidi kabla haujakiinamisha chombo. Mashua za kwetu kwa kawaida hazipunguzi tanga kwa kulifunga nusu. Zinabeba tanga dogo pembeni, na siku ya upepo mkali hupandishwa hilo. Kwa hiyo ncha ya foromali ndiyo inayofanya kazi ya tahadhari kati ya tanga kubwa na uamuzi wa kulitua.

Jua lilipopanda kidogo umande ukafa. Tulikuwa tumeshakipita kisiwa cha Makatumbe, mji umekaa nyuma yetu na majengo yake, bahari shwari kabisa. Maji yalikuwa bado yanatutoa taratibu. Chai ikachemshwa kwenye jiko la mkaa lililowekwa ndani ya sanduku la mchanga, mihogo ikatoka, na mazungumzo yakaanza. Mwalimu wetu, ambaye anafundisha historia na haachi kazi yake nyumbani, akatukumbusha kwamba mabaharia wa Kiyunani wa karne ya kwanza walikwisha kuandika habari za vyombo vya kushonwa kwa kamba katika pwani hii. Kwamba mtepe, chombo cha namna hiyo chenye tanga la mkeka, uliendelea kuonekana mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliundwa mwingine wa mfano ukawekwa Beit al-Ajaib, Unguja, na Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ikaporomoka. Akataja pia Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, ambaye mwaka 1938 na 1939 alisafiri na jahazi la Kuwait kwa upepo wa kaskazi mpaka Zanzibar na kwenye delta ya Rufiji, ambako lilipakia boriti za mikoko za kujengea nyumba za Ghuba, halafu likarudi kwa kusi.

"Boriti tumebeba sana," akasema nahodha. Hakuongeza neno. Alikuwa anatazama maji upande wa kusini.

Nilijitahidi kutazama anachokitazama. Sikuona kitu. Baada ya muda mrefu nikaona mstari mweusi mwembamba juu ya maji, mbali, ukija. Mzee alikuwa ameshawaambia mabaharia wamalize chai.

Kusi ya asubuhi ile iliingia kutoka kusini mashariki, na Sinda ilikuwa karibu huko huko inakotoka. Chombo cha tanga hakiwezi kwenda moja kwa moja kwenye uso wa upepo. Hukwenda kwa kubisha, upande huu kisha upande ule, kila mara kikijipatia kidogo. Na kwenye mashua, kugeuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili si suala la kusukuma kana, ule mkono wa usukani, tu. Tanga liko upande mmoja wa mlingoti. Lazima lihamishwe lote, na foromali yake, lipitishwe mbele ya mlingoti, likae upande wa pili.

Ndipo nilipoelewa kwa nini mlingoti wa mashua umeinama mbele. Kwa miaka nimeuona mwinamo huo kutoka ufukweni nikadhani ni mtindo. Mlingoti ukiinama mbele, foromali huning'inia hewani mbali na mti, na panapatikana nafasi ya kuizungusha. Ungesimama wima, kila safari foromali ingegonga na kukwama.

Mzee alisema neno moja na kila mtu akawa mahali pake. Kana ikasukumwa, mashua ikaupa upepo mgongo wake. Demani ikaachiwa, tanga zima likaruka mbele ya omo likipepea, likipiga kishindo cha kutisha. Mabaharia wawili wakaivuta kwa nyuma ncha ya chini ya foromali mpaka kwenye shina la mlingoti, na ule mti mrefu ukasimama wima juu ya vichwa vyetu, ukiyumba. Wa tatu, yule kijana, akaukamata mwisho wa demani, akakimbia nao mbele, akapita nje ya kila kitu juu ya ukingo ambao mimi nisingeukanyaga hata chombo kikiwa mchangani, akarudi upande wa pili. Ncha ya chini ikasukumwa mbele tena, sasa kwa upande mwingine. Kamba zinazoushikilia mlingoti zikahamishiwa goshini, upande upepo unakotoka, pamoja na jarari yenyewe, ambayo ikifungwa huko nyuma husaidia kuushikilia mlingoti. Mifuko ya mchanga, ambayo ndiyo farumi yetu, ikarushwa kutoka ubavu huu hadi ule. Demani ikavutwa. Tanga likajaa. Kimya.

Katika mlolongo huo kila jambo lina wakati wake, na wakati huo haurudi. Demani ikiachiwa kabla tezi haijaupokea upepo, tanga litajipiga kwenye mlingoti. Foromali ikicheleweshwa ikiwa wima, wimbi moja la ubavuni linatosha kuiangusha juu ya watu. Na nahodha hakupiga kelele. Nimepanda daladala za kutosha mjini kujua jinsi kazi ndogo kuliko hiyo inavyofanywa kwa makelele. Alikuwa ameketi tezini, kana chini ya kwapa, akitazama ncha ya foromali, na mara moja tu alinyoosha kidole, kumwonyesha kijana fundo ambalo hakulipenda. Kijana akalifungua akalifunga upya.

Tulibisha hivyo mara kadhaa. Kila mara nilichagua mtu mmoja wa kumtazama, maana wote kwa pamoja haiwezekani kuwaona. Yule aliyekuwa akikumba maji kwa upo kule banduruni, chini kabisa ndani ya chombo, kwa mfano: kila chombo cha mbao hunywa maji kidogo, na yeye alikumba wakati mashua imelala upande wake, maji yamejikusanya yenyewe, akaacha ilipolala upande wa pili. Hakuinua kichwa. Alihesabu kwa mwili.

Sinda ni kisiwa cha matumbawe na vichaka, ufuko mdogo mweupe, wavuvi waliotundika nyavu. Kiko miongoni mwa visiwa vilivyo chini ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, na kiingilio hulipwa. Tulioga, tulikula changu wa kuchoma na wali wa nazi, tukalala kivulini. Hapo sina la kueleza zaidi. Starehe inafanana popote.

Kurudi kulikuwa kama mzee alivyosema, na sitakueleza kwa urefu kwa sababu hakuna kilichotokea. Tulitweka saa saba hivi, upepo nyuma ya bega, maji yanajaa, na mlango wa bandari ukatumeza tukiwa tumekaa tunazungumza habari za bei ya vitenge. Ndani ya bandari meli ya makontena ilikuwa ikigeuzwa na boti za kuvuta. Mashua yetu ilikata pembeni, kwenye maji ambayo meli ile isingethubutu kuyaingia.

Kuna jambo nalipinga, na nitalisema. Siku hizi zipo boti zinazouza matembezi ya machweo, zina tanga jeupe zuri na mashine inayonguruma chini yake. Tanga limewekwa kwa ajili ya picha. Biashara ni biashara, na watu wa mashine hawana kosa. Mvuvi wa Feri anayerudi na samaki kabla hawajaharibika anaihitaji. Mzee wetu mwenyewe alikuwa na Yamaha ndogo, imelala ndani ya ngama, tumboni mwa chombo, imefunikwa gunia. "Hiyo ni ya mgonjwa," alituambia, na majaketi ya kujiokolea alituvalisha wote kabla ya kung'oa nanga, akikaza kamba za kila mmoja kwa mkono wake. Ninachokipinga ni kumwuzia mtu tanga lisilofanya kazi na kumwambia ameonja usafiri wa mababu. Hakuonja. Hakungoja chochote.

Kuhusu vijana sina kilio kikubwa kama wengine. Yule baharia anayekimbia ukingoni ana simu, ana timu yake ya mpira, na anasema akipata mtaji atanunua bodaboda. Huenda akanunua. Lakini siku ile, tulipokuwa tunashuka, alibaki peke yake kwenye mashua akikunja tanga juu ya foromali na kulifunga chane moja moja kwa ajili ya safari inayofuata, akaifungua moja aliyoona imebana mno, maana ingekataa kukatika. Hakuna aliyekuwa akimwangalia isipokuwa mimi, naye hakujua.

Ukitaka kwenda, vyombo vipo: Kigamboni, Msasani, Kunduchi, Bagamoyo. Chukua marafiki wasio na haraka, beba maji ya kunywa, vaa jaketi hata bahari ikiwa shwari, na omba kuvuta jarari, hawatakukatalia. Kabla ya kulipa, mwulize nahodha mtaondoka saa ngapi. Akikwambia saa yoyote mnayotaka ninyi, mshukuru, utafute mwingine.